Mkono wa Mtu Katika Kadi

Lugha yetu imeupa mkono kazi nyingi mno. Tukifiwa, majirani huja kutupa mkono wa pole. Sikukuu ikifika, watoto hupita nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, na aghalabu mkono huo huwa ni sarafu au noti. Bahili tunamwita mkono wa birika. Anayetaka watu wamfuate bila yeye kutoa kitu tunamkumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Na jambo likitokea ambalo halielezeki kwa urahisi, mzee hutikisa kichwa akasema, "Hapa pana mkono wa mtu." Katika misemo yote hiyo mkono si nyama na mifupa tu. Ni mtu mwenyewe, pamoja na nia yake na wajibu wake.

Nimetanguliza misemo hiyo kwa sababu swali ninalotaka kulijadili linaweza kuonekana dogo kwa wenye mambo makubwa. Swali lenyewe ni hili: kadi iliyokatwa na mashine, je, yaweza kuitwa kwa haki kadi ya mkono? Nimeishi na karatasi, gundi na wembe kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanachuo wa ualimu, kisha mkufunzi, na baadaye mwalimu mkuu. Kwa hiyo msomaji asishangae nikiamini kwamba ndani ya kipande cha manila kunaweza kulala swali la ukweli na uongo.

Kwanza tuieleze mashine yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajaiona. Kwa umbo inakaribiana na printa ya mezani. Kampuni mbili za jimbo la Utah nchini Marekani, Cricut na Silhouette, ndizo zinazotajwa sana na wapenzi wa kazi hii. Karatasi hubandikwa juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi hafifu. Magurudumu huuvuta mkeka mbele na nyuma, na kichwa chenye wembe mdogo sana hukimbia kushoto na kulia. Mchoro hutoka kwenye kompyuta au simu. Ua lenye matundu arobaini, ambalo mimi ningelikata kwa saa nzima huku nikishika pumzi, mashine hulimaliza kwa dakika chache, na la pili litakuwa sawasawa na la kwanza.

Lakini haifai kudhani kwamba mtu hana kazi hapo. Ni yeye anayepima uzito wa karatasi na kuamua wembe ushuke kwa nguvu kiasi gani. Nguvu ikizidi, wembe hukwaruza mkeka. Ikipungua, karatasi haiachii. Mwenye busara hukata kwanza kipande kidogo cha majaribio pembeni. Wembe ukiwa butu, kingo hutoka na manyoya. Kazi ikiisha, haifai kuivuta kadi kutoka kwenye mkeka, maana itajikunja. Huukunja mkeka wenyewe taratibu mpaka uiachie kadi. Kisha kuna kutoa vipande vya ndani kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, kukunja, kupaka gundi, na kupanga rangi juu ya rangi. Mashine inakata, basi. Haijui kama kadi ni ya harusi au ya msiba.

Swali hili lililetwa kwangu na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu na mama wa watoto watatu. Anayo mashine ya namna hiyo, na siku za mapumziko hutengeneza kadi za kuzaliwa, za pongezi na za mialiko, akaziuza katika banda la kazi za mikono. Nyuma ya kila kadi hugonga muhuri mdogo: "Imetengenezwa kwa mkono." Katika banda hilohilo kuna mama mmoja mtu mzima anayetengeneza kadi kwa majani makavu ya migomba. Huyachana kwa wembe, huyapanga kuwa picha ya mtumbwi au ya mwanamke anayetwanga, akayabandika juu ya karatasi. Kwa siku nzima hapati kadi zaidi ya nane. Siku moja mama huyo aliichukua kadi ya jirani yake, akaigeuza, akasoma muhuri, akasema kwa upole: "Mwanangu, neno hili ni langu. Kwa nini umelivika kazi ya mashine?"

Wawili hao walikuwa wakigawana meza, kivuli na chakula cha mchana. Kuanzia siku hiyo walisalimiana kwa ufupi. Mwanafunzi wangu akaja kwangu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, "nimeitwa mwongo kwa adabu, na sijui kama ni kweli." Sikumjibu siku ile. Nilitaka kwanza kulipima jambo lenyewe, nalo nalipima hapa mbele ya msomaji.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mkono ni ile isiyotumia chombo. Jibu hili halisimami hata dakika moja. Mama wa majani ya migomba anatumia wembe uliotoka kiwandani, na karatasi yake pia ni ya kiwandani. Mkasi ni chombo, na rula ni chombo. Fundi cherehani akikushonea shati, humwambii kwamba limeshonwa na mashine. Unasema fundi fulani kanishonea, na shati likikubana begani unamrudia yeye, si cherehani. Kwa hiyo kuwapo kwa chombo hakuondoi mkono.

Wengine watasema kwamba thamani ya kazi ya mkono ni jasho na muda uliotumika. Jibu hili lina uzito zaidi, maana muda ni kitu ambacho mtu hawezi kukitoa mara mbili. Anayekaa saa nzima akikukatia ua amekupa saa moja ya uhai wake. Hata hivyo, jasho peke yake si zawadi. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kuandika sentensi moja mara mia ametoa jasho jingi na muda mwingi, lakini hakuna aliyependwa katika kurasa hizo. Na tukitazama historia ya kadi, tunakuta jambo la kuchekesha. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, mtu aliyekuwa na shughuli nyingi na marafiki wengi wa kuwaandikia barua. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, ikachapishwa, ikapakwa rangi kwa mkono, na nakala zilizobaki zikauzwa kwa shilingi moja kila moja. Ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la anayepelekewa na jina la anayepeleka. Yaani kadi yenyewe, tangu kuzaliwa kwake, ilikuwa njia ya kuupumzisha mkono uliochoka kuandika barua. Anayeilaumu mashine kwa kupunguza jasho sharti ailaumu na kadi.

Jibu la tatu husema kwamba la maana ni kazi kufanywa na mikono ya watu, basi. Hapa namkumbuka Esther Howland wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts. Alimaliza masomo yake Mount Holyoke mwaka 1847, kisha akaanza kutengeneza kadi za wapendanao kwa karatasi zenye nakshi ya lesi. Maagizo yalipozidi nguvu zake aliwakusanya wasichana mezani, kila mmoja akapewa sehemu yake: huyu anakata, yule anabandika, mwingine anapamba. Kadi zile zilikuwa za mkono kwelikweli. Lakini msichana aliyebandika ua hakumjua mpenzi atakayepelekewa, wala hakuhitaji kumjua. Katika mji wa San Salvador Huixcolotla, jimbo la Puebla nchini Mexico, mafundi hupanga makumi ya karatasi laini, moja juu ya nyingine, wakazitoboa zote kwa pamoja kwa patasi na nyundo, wakapata mapambo ya sikukuu yanayofanana. Ni kazi ya mkono iliyojaa ufundi, na bado inatoa nakala nyingi kwa mara moja. Tunaona basi kwamba mkono unaweza kufanya kazi kama kiwanda. Maadam ni hivyo, haishangazi kwamba mashine nayo inaweza kufanya kazi kama mkono.

Ushahidi wa hili la mwisho ninao karibu. Mwalimu mwenzangu mmoja, tuliyefundisha naye chuoni, alikuwa bingwa wa zana za kufundishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu nchini, manila zikawa kama dhahabu. Yeye aliwafundisha wanachuo kukata kadi za silabi kutoka migongo ya kalenda na maboksi ya sabuni, na gundi wakapika kwa unga wa muhogo. Leo mikono yake inatetemeka. Kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili, na mkasi haumtii kabisa. Mjukuu wake humwekea mchoro katika mashine: bibi anachora kwa kidole juu ya kioo cha simu, kijana anausafisha mstari, mashine inakata. Mwaka jana alinipelekea kadi yenye mti wa mwembe, na chini ya mwembe kuna ubao mweusi na benchi moja. Mimi na yeye tunajua ni mwembe gani. Nani atathubutu kuniambia kwamba kadi hiyo haina mkono wake? Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alibaki dhaifu baada ya upasuaji wa mwaka 1941. Katika miaka iliyofuata, wasaidizi wake walipaka rangi karatasi, naye akazikata kwa mkasi, mara nyingi akiwa kitini au kitandani. Wasaidizi wakabandika mahali alipowaelekeza, na dunia inaziita kazi za Matisse bila kusitasita. Mkono uliodhoofika unaweza kuazima nguvu nje, mradi nia na uamuzi vibaki vyake.

Nia na uamuzi ndiyo maneno niliyokuwa nikiyatafuta. Mkono wa mtu umo katika kadi pale ambapo mtu fulani aliamua kwamba iwe hivi na si vile, kwa ajili ya mtu mwingine fulani, na yuko tayari kuulizwa kwa nini. Nilipokuwa mkufunzi niliwaona wanachuo wakienda mazoezi ya kufundisha na zana walizoazima kwa wenzao. Zana ilikuwa nzuri, na watoto walijifunza. Lakini mtoto akiuliza kwa nini picha ya ng'ombe haina mkia, mwanachuo aliduwaa, kwa sababu si yeye aliyeukata. Aliyetengeneza angalisema, "Karatasi iliisha, mwanangu, tuchore mkia sasa hivi." Huo ndio mkono: uwezo wa kujibu, na wa kurekebisha.

Hapa pana hatari ambayo mashine inaileta na mkasi hauileti kwa kiasi hicho. Michoro elfu kwa elfu imo katika intaneti. Mtu anaweza kuchukua ua lililochorwa na mgeni asiyemjua, akalikata mara hamsini, akaandika nyuma kwamba ni kazi ya mkono wake. Mkono upo, lakini ni wa mgeni yule. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara inamlinda mchoraji, na wachoraji wengi huruhusu matumizi ya nyumbani na kukataza ya biashara. Lakini hata pale sheria inaporuhusu, uungwana unadai jina la mwenye kazi litajwe. Aliyepika ni mmoja na aliyepakua ni mwingine, na mgeni akisifu mchuzi, mpakuaji asikae kimya.

Liko jambo jingine linalonisumbua zaidi ya hilo. Mashine ikifanya kwa dakika nne kazi ya saa nzima, dakika hamsini na sita zilizosalia ni za nani? Wapo watakaozitumia kukata kadi kumi na nne zaidi. Hiyo ni biashara, na biashara halali haina lawama. Watoto wanakula na ada inalipwa. Wengine watazitumia kufikiri: huyu ninayempelekea amefiwa au amefaulu? Anapenda rangi gani? Nimwandikie nini ndani? Wa kwanza ametengeneza bidhaa, na wa pili zawadi, ingawa mashine ni moja na karatasi ni moja. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana neno linaloandikwa nyuma ya kadi lina uzito, kwa kuwa ndilo pekee linalomwambia mnunuzi kile ambacho macho yake hayawezi kukiona.

Sasa nirudi kwenye muhuri wa mwanafunzi wangu. Nilimwita, tukaketi, nikamuuliza: "Mnunuzi akisoma maneno hayo, anaona nini akilini?" Akafikiri, akasema: "Anaona mtu ameinama na mkasi." "Je, anachokiona ndicho kilichotokea?" "La, Mwalimu." Basi hapo ndipo palipokuwa na kasoro, wala haikuwa katika mashine. Neno linaweza kuwa kweli mdomoni mwa msemaji na likawa uongo sikioni mwa msikilizaji, na muungwana hulipima neno lake kwa sikio la msikilizaji. Mama wa migomba alikuwa na haki. Kilichochukuliwa kwake si wateja tu. Ni neno linalobeba saa zake, na hana mali nyingine ya kuuza isipokuwa saa hizo.

Lakini sikumshauri aandike "Kadi ya mashine", kwani hilo nalo lingekuwa uongo wa upande wa pili, kana kwamba mashine iliamka alfajiri ikachora yenyewe. Nilimshauri aeleze ilivyokuwa: "Nimechora mwenyewe, mashine imekata, nimeunganisha kwa mkono." Na pale ambapo mchoro si wake, amtaje mwenyewe. Aliutazama muhuri wake wa zamani, akaniuliza: "Na wakiacha kununua?" Nilimwambia kwamba jambo hilo linawezekana kabisa, na kwamba ukweli haukuahidi faida kwa mtu yeyote. Hakucheka, wala mimi sikucheka. Ada za watoto watatu si mzaha.

Alitengeneza muhuri mpya. Baada ya miezi michache aliniambia kwamba mauzo ya kadi za kawaida yalishuka, na ilimbidi apunguze bei. Kwa upande mwingine, watu walianza kumuuliza jambo ambalo hawakuliuliza kamwe zamani: "Waweza kunichorea mimi?" Mmoja alitaka dau la marehemu baba yake, mwingine alitaka geti la shule aliyosoma. Kadi hizo ni chache, na hazijaziba pengo lote la fedha. Kuhusu jirani yake, alisema tu kwamba wamerudi kula pamoja. Sikumdadisi zaidi.

Watu wengine wataniambia kwamba mjadala huu umechelewa, maana siku hizi hata kadi za mchango wa harusi huja kwa simu, jina lako likiwa limejazwa na kompyuta, "single" au "double". Ni kweli. Lakini naona kwamba kwa sababu hiyohiyo kadi ya karatasi imepata uzito mpya. Zamani ilikuwa njia ya kufikisha habari. Leo habari zinafika zenyewe, kwa hiyo mtu anayekuletea karatasi analeta kitu kingine kisichopita katika simu: ushahidi kwamba kwa muda fulani alikuwa anakuwaza wewe, na si orodha ya majina mia tatu. Ushahidi huo ukighushiwa, hasara haimpati mnunuzi mmoja tu. Polepole tunazoea kutoamini ushahidi wowote wa upendo, na jamii iliyofika hapo ni maskini hata ikiwa na karatasi nyingi za kumeremeta.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mashine, itumie bila aibu. Weka wembe mkali, pima karatasi yako, ukate maua upendayo. Lakini ndani ya kadi acha mahali peupe pa kutosha, uchukue kalamu, uandike mwenyewe mistari mitatu au minne ambayo haiwezi kupelekwa kwa mtu mwingine ye yote isipokuwa huyo. Mwandiko ukiwa mbaya, na uwe mbaya. Hata Henry Cole, pamoja na haraka zake zote, alibakiza nafasi ya majina mawili. Na siku mpokeaji atakapoifungua, akaitazama nakshi ile iliyokatwa kwa unyofu usio wa kawaida, kisha akasoma mistari yako iliyopinda, atatikisa kichwa na kusema, safari hii kwa furaha: "Hapa pana mkono wa mtu."